Jina Linalotokea Ukimlipa Emérence

Emérence Vihamba anashona nguo Kimemi, mjini Butembo, katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango ukiwa wazi kuelekea barabarani. Ana miaka arobaini na saba. Alizaliwa Vuhovi, kwa wazazi waliolima maharagwe na viazi, na kushona alijifunza kwa masista waliokuwa na darasa la wasichana kando ya parokia. Huko alizoea kitu ambacho washonaji wengi wa Butembo hawana subira nacho: kuchora kabla ya kukata. Mshonaji wa kawaida humpima mtu, hutandika kitambaa cha kikwembe mezani, huweka alama za chaki na kuchukua makasi. Emérence huchora kwanza kila kipande kwenye karatasi: mgongo, kifua, mkono, kola. Karatasi hiyo wanaiita patroni. Akimaliza huitundika kwenye msumari ili aitumie tena.

Mume wake, Maliro Zacharie, alikuwa fundi wa pikipiki Rughenda, karibu na uwanja wa ndege. Mwaka 2014 alinunua namba mbili za simu kwa siku moja, yake na ya mkewe. Emérence siku hiyo alikuwa sokoni na mtoto mgongoni, kwa hiyo muuzaji aliandikisha namba zote mbili kwa kadi ya mpiga kura ya Zacharie. Hakuna aliyeona kosa. Nyumba nyingi zilifanya hivyo. Zacharie alifariki mwaka 2020 kwa ugonjwa wa figo. Namba yake ilikaa bila kutumiwa mpaka kampuni ikaikata. Namba ya Emérence iliendelea kufanya kazi, na wateja wote waliijua.

Biashara ya patroni ilianza kwa ombi la Débora, msichana aliyejifunza kushona kwake miaka miwili kisha akaolewa Beni. Mwaka 2022 Débora alipata kazi ya kushona blauzi za shule zenye kola ya duara, na kola ile ilimshinda. Aliandika kwenye WhatsApp akiomba mchoro. Emérence alitandaza karatasi sakafuni, akaipiga picha, akaituma. Débora alikata kwa kufuata picha na blauzi ikatoka imepinda upande mmoja, kwa sababu simu ilishikwa imeinama.

Binti mkubwa wa Emérence, Rébecca, alikuwa anasoma informatique katika chuo kimoja mjini. Aliuchora upya mchoro ule kwenye kompyuta ya chuo, akaugawa katika kurasa kumi na mbili za karatasi ya kawaida, kila ukurasa na herufi yake. Mteja angepeleka faili kwenye sekretaria, pale wanapopiga fotokopi, wamtolee kurasa, kisha aziunganishe kwa skochi. Kwenye ukurasa wa kwanza Rébecca aliweka mraba wa sentimeta kumi. Mraba ukipimwa kwa rula na kukutwa mdogo, mashine imepunguza karatasi, na mtu asikate.

Blauzi ya pili ilitoka vizuri. Débora akawaonyesha rafiki zake. Kufikia Krismasi wanawake tisa wa Beni, Oicha na Lubero walikuwa wanataka patroni, na walikuwa tayari kulipa. Lakini namna ya kulipa haikuwepo.

Wa kwanza walituma inite za kuongea, yaani salio la simu, kwa kuwa inite unaweza kuzituma kutoka simu yoyote. Emérence akawa na inite za kumtosha mwezi mzima na hana mafuta ya kupikia. Alimpelekea jirani yake Solange, mwenye kabine, kibanda cha huduma za simu, kwenye kona. Solange alizichukua kwa bei ya chini, mara mbili, halafu akamwomba asilete tena, maana naye alikuwa na zake za kuuza.

Baadaye ikawa bahasha. Mteja wa Beni alimpa dereva wa taksi noti ndani ya bahasha, na dereva akaifikisha Kimemi. Madereva hawakuiba. Ila mwanamke anayetaka kukata leo nguo ya Jumapili hangojei bahasha ya kesho, na siku nyingine njia ilifungwa kwa sababu ya mashambulizi na bahasha ikakaa Beni siku tatu. Kama Emérence angesubiri, mteja angetafuta kwingine. Kama angetuma kwanza, angekaa akingoja. Alituma kwanza mara moja, kwa Tamar wa Oicha, na ndani ya juma moja patroni ile ilikuwa imezunguka kwenye kikundi cha watu mia mbili. Hakuna aliyelipa. Wachache walimwandikia wasingya, mama, yaani asante. Tangu hapo Rébecca aliandika jina la mnunuzi kwenye kila ukurasa, kwa herufi kubwa: PATRONI YA TAMAR, OICHA. Haikuzuia watu kusambaza, lakini iliwatia wengi haya kukata kwenye karatasi yenye jina la mwenzao.

Rébecca alijaribu pia kufungua ukurasa wa kuuzia kwenye mtandao, ambapo mtu hulipa kwa karti ya benki. Washonaji wa Oicha hawana karti ya benki. Kwa miezi mitatu aliuza patroni moja tu, kwa binamu yao aliyeko Ubelgiji ambaye hajawahi kushika sindano. Akaufunga.

Aliyeleta suluhisho alikuwa Solange.

"Mama Rébecca, namba yako iko tayari," alimwambia. "Fungua pesa ya simu. Ni dakika tano. Mutu iko Lubero, anatuma, weye unakuja kutosha hapa kwangu, nakupa noti ku mukono."

Walifungua pale pale kwenye kabine. Emérence alichagua namba ya siri, simu ikamkaribisha, kazi ikaisha. Hakuna aliyeuliza akaunti ile ina jina la nani. Kwa anayepokea, ujumbe huonyesha jina la aliyetuma. Jina la mpokeaji huonekana kwa mtumaji peke yake, wakati simu inamuuliza kama ana hakika. Kwa hiyo karibu mwaka mzima Emérence alipokea malipo bila kufikiri wateja wanaona nini. Wa Kimemi waliijua familia. Débora aliliona jina kila mara na hakusema, kwa sababu alimfahamu Zacharie na aliona ni jambo la kawaida.

Kati ya malipo hayo kulikuwa na vijipesa visivyoeleweka. Malachie, kaka mkubwa wa Zacharie, mnunuzi wa kakao huko Beni, alikuwa akituma faranga mia tano, bila neno. Mara moja baada ya miezi miwili, mara nyingine majuma mawili yakifuatana. Emérence alimpigia simu kuuliza. Malachie alijibu kuwa ni kosa la vidole. Alipotaka kuzirudisha, Malachie alikataa.

Mwezi wa pili wa 2024, mwanamke aitwaye Jeannine aliagiza patroni ya shati la mikono mifupi. Jeannine alitoka Kikwit, mbali magharibi mwa nchi. Mume wake ni sajenti aliyetumwa Beni, na yeye mwenyewe alishonea nyumbani, mtaa wa Bungulu, nguo za wake za askari na za majirani. Walikubaliana bei kwa sauti, Emérence akampa namba. Jeannine aliandika kiasi, akabonyeza, na simu ikamuuliza kama anataka kutuma kwa MALIRO ZACHARIE. Akakatisha. Alipiga picha ya kioo cha simu, akazungushia jina duara la njano kwa kidole, akaituma kwenye kikundi cha washonaji wa Beni na Butembo, watu mia mbili arobaini.

"Bamama, muangalie muzuri," aliandika. "Huyu mutu anasema eti ni mama Emérence. Mais jina yenye inatoka ni ya mwanaume. Mimi nimekatala kutuma. Kesho mutu asiseme sikumuambia."

Baada ya dakika chache mwanamke wa Butembo alijibu: "Maliro Zacharie, ule wa Rughenda? Mais alishakufa. Nilikuwa kwa matanga yake."

Jibu hilo halikusaidia. Mwingine aliuliza, "Donc banatumia jina ya mufu?" Mpaka saa kumi jioni kulikuwa na ujumbe zaidi ya sitini. Débora aliandika kumtetea mwalimu wake, na mtu akauliza Débora anapewa kiasi gani kwa kazi hiyo.

Emérence alisoma yote akiwa mezani, sketi ya mtu mkononi. Rébecca alitaka ajibu mara moja.

"Nitajibu nini?" Emérence alisema. "Yenye banasema iko kweli. Jina iko ya mufu."

Alikaa siku mbili bila kuandika. Juma hilo hakuna aliyeagiza kitu. Baadaye alieleza kwamba kuitwa mwizi hakukumuumiza sana, kwa kuwa alijua si mwizi. Kilichomkaa moyoni kilikuwa kuliona jina la mume wake kwa herufi kubwa, lina duara la njano, kwenye simu za watu mia mbili arobaini. Mara ya mwisho kuliona limeandikwa ilikuwa kwenye msalaba wa kaburi, na rangi ya msalaba ilikuwa imeshatoka.

Siku ya tatu alikwenda kwenye ofisi ya kampuni ya simu, katikati ya mji. Kijana wa dirishani, aliyevaa beji yenye jina Jonathan, alimsikiliza, kisha akaingiza namba kwenye kompyuta.

"Iko ya marehemu," alisema. "Kubadilisha jina, tunaomba acte de décès, na karatasi ya famille yake yenye inakubali. Ao ununue namba mupya."

"Bateja bote banajua hii."

"Basi leta acte, mama."

Cheti cha kifo alikuwa nacho Malachie, maana ndiye aliyeshughulikia karatasi wakati wa mazishi. Alhamisi asubuhi Emérence alipanda taksi kwenda Beni. Aliamua kuanzia kwa Jeannine. Débora alimngoja kwenye kituo na kumsindikiza.

Jeannine alikuwa kwenye baraza, mashine yake imeelekea uani, anapunguza suruali. Alimtambua Débora kwa picha ya WhatsApp.

"Ni mimi Emérence," mgeni alisema. "Wa patroni."

Jeannine aliingia ndani, akatoka na viti viwili.

"Mama, hapana kukasirika," alisema. "Mimi sikusema weye ni mwizi. Nilisema jina si yako."

"Ulisema kweli."

"Sasa ju ya nini haukujibu mu groupe?"

"Nilitaka nikuje mi mwenyewe."

Jeannine aliendelea kushona kidogo, kama mtu anayetaka kumaliza mstari, kisha akaacha. Alisimulia kwamba mwaka uliopita alinunua kwenye simu mafundisho ya kutengeneza sabuni. Aliyeongea alikuwa mwanamke mwenye sauti nzuri, jina lililotokea lilikuwa la mwanaume, naye hakujali. Alituma. Hakupata mafundisho wala sauti ile tena. Mume wake alimcheka mwezi mzima, na kila sabuni ilipokwisha nyumbani alimwambia atengeneze.

"Ule mwenye jina ni nani?" aliuliza.

"Bwana yangu. Alikufa ndani ya 2020. Namba ni yeye alininunulia."

"Pole, mama."

"Asante."

Jeannine aligeuza suruali upande wa pili. Ndipo Jeannine aliposema kwa upole, "Mais mutu wa mbali atajua namna gani? Mimi sikujue weye, sikujue bwana yako. Sioni nyumba yako. Naona tu ile jina."

Mpaka siku hiyo Emérence alikuwa akipima njia za kulipwa kwa mambo mawili: inafika haraka au inachelewa, na inakatwa kiasi gani. Hakuwahi kujiweka kwenye nafasi ya yule aliyeshika simu upande wa pili.

Alitoa mfukoni patroni ya shati, ambayo Rébecca alikuwa ameitoa kwenye karatasi kwa ajili ya safari ile. Waliunganisha kurasa chini, kwenye mkeka, wanawake watatu wamepiga magoti. Jeannine alipima bega mara mbili na kusema ni pana kwa wanaume wa Beni. Emérence alimwonyesha mstari wa kupunguzia. Jeannine alilipa kwa noti, mkononi, na Emérence akaandika jina lake kwa kalamu kwenye kila ukurasa, kwa kuwa ndivyo alivyozoea.

Kutoka hapo alikwenda kwa Malachie peke yake. Malachie alikuwa nyuma ya depo yake, anageuza kakao iliyoanikwa kwenye turubai, akiivuta polepole kwa kibao chenye mpini. Alimpa kiti. Alimuuliza habari za watoto, mmoja mmoja kwa jina. Emérence akamweleza kilichomleta.

"Acte iko," Malachie alisema, lakini hakwenda kuileta. Alivuta kakao mstari mwingine. "Bakibadilisha jina, yake itatoka kabisa?"

"Ndiyo, shemeji. Itaingia yangu."

Malachie aliegemeza kibao ukutani, akatoa simu mfukoni na kuifuta kwa shati.

"Unajua zile mia tano?"

"Ulisema ni kosa ya vidole."

"Haikukuwa kosa."

Aliandika namba ya Emérence, akaandika mia tano, akamsogezea simu aone. Pale kwenye kioo simu ilikuwa inauliza kama anataka kutuma kwa MALIRO ZACHARIE.

"Naonaka hivi," Malachie alisema. "Kisha natuma. Siwezi kufika hapa halafu nikatale. Ingekuwa sawa vile kumuita mutu na kutomusalimia."

Emérence alitazama kakao. Aliuliza ni siku gani anafanya hivyo.

"Haina siku. Kakao ikipanda bei. Mutoto akipita examen. Siku zingine bule tu."

Alibonyeza, na simu ya Emérence ikalia ndani ya mfuko wake. Malachie akaingia nyumbani, akatoka na cheti ndani ya plastiki, kimekunjwa mara moja tu.

"Kamata," alisema. "Kazi ni yako, na batoto yake njo banakula. Mi sitakatala. Karatasi ya famille, nitaandika nikiambiwa."

Emérence alirudi Butembo mchana huo, plastiki mapajani.

Kwa siku kadhaa cheti kilikaa kwenye droo ya mashine, pamoja na vifungo. Rébecca alitaka jina libadilishwe: namba moja, mtu mmoja, mambo yameisha. Solange alisema vivyo hivyo. Jumatano Emérence alirudi kwenye ofisi ya simu na hakubeba cheti. Alibeba kadi yake ya mpiga kura. Alinunua namba mpya.

"Mama, bateja batachanganyikiwa," Rébecca alimwambia aliposikia.

"Bachanganyikiwe kidogo. Batazoea."

Ukimuuliza leo kwa nini alifanya hivyo, hutoa sababu ya karatasi. Ili jina libadilike, ndugu wa Zacharie wangepaswa kukaa na kutia sahihi, na ndugu wakishakaa kwa ajili ya sahihi moja wataanza kuzungumza juu ya nyumba, na kiwanja cha Vuhovi, na nani alichukua vyombo vya kutengenezea pikipiki. Hilo ni kweli, na kila mtu Kimemi anajua ni kweli. Habari ya mia tano hakumsimulia Rébecca mpaka miezi mingi ilipopita. Sababu ipi ilikuwa nzito zaidi, yeye hasemi.

Kufungua akaunti ya jina lake kulichukua muda kuliko alivyotarajia. Jonathan aliandika kila kitu upesi, akamgeuzia kioo athibitishe. Jina lilikuwa sawa, tarehe ilikuwa sawa. Kwenye kazi alikuwa ameandika ménagère, yaani mama wa nyumbani.

"Futa hapo," Emérence alisema. "Andika couturière, mushonaji."

"Haionekane kwa bateja, mama. Ni ya bureau tu."

"Imeonekana kwangu."

Jonathan alijaribu. Mashine ilikuwa imeshahifadhi, na kusahihisha kulihitaji mkuu wake, na mkuu alikuwa amekwenda kula. Alimshauri aache hivyo. Emérence aliuliza mkuu anarudi saa ngapi, akakaa kwenye benchi. Alikaa kuanzia saa tano mpaka saa nane, akaazima gazeti la zamani la mtu, akasoma tangazo la mashine za kushona. Mkuu alirudi, akabonyeza mara tatu, na neno likabadilika. Hakuna aliyemuuliza kwa nini alingoja.

Siku iliyofuata alituma ujumbe wa sauti kwenye kikundi. Alipenda sauti kuliko maandishi kwa kuwa wengi wa wateja wake husoma polepole, na pia alitaka wamsikie. Rébecca alimrekodi mara nne. Ya nne, iliyotumwa, inasema hivi:

"Mimi ni Emérence Vihamba, mushonaji wa Kimemi. Kuniandikia, mutaniandikia kwa hii namba ya zamani. Kulipa, mutalipa kwa namba mupya yenye natia hapa chini. Mbele ya kutia code yako, simu itakuonyesha jina. Kama si Vihamba Emérence, hapana kutuma. Namba ya zamani iko ya marehemu bwana yangu. Itabakia yake. Inite sipokee tena. Merci."

Kumi na mmoja walijibu siku hiyo, wengi kwa pole tu. Wawili waliagiza. Juma lililofuata Jeannine alituma kwenye kikundi picha ya kioo cha simu yake, inauliza kama anataka kutuma kwa VIHAMBA EMÉRENCE. Safari hii hakuchora duara. Hakuandika neno lolote chini yake, wala hakuomba msamaha, na Emérence hakuutaja. Aliangalia mambo mawili tu: picha ilitumwa, na malipo ya patroni ya kaba, gauni pana la kike, yalifika.

Walibaki wanawake wa Vuhovi. Kule mtandao ni wa kubahatisha, na wengi hawana pesa ya simu wala mahali pa kutolea karatasi. Emérence alikwenda kwa Adèle, mwanamke anayeuza chumvi na nyuzi kwenye soko la huko, wakakubaliana. Emérence humpelekea kurasa zilizokwisha kutolewa, mteja humlipa Adèle siku ya soko, Adèle hubakiza sehemu yake na kutuma sauti: "Mama wa nyumba ya juu amekamata ya kaba." Rébecca alilalamika kwamba hiyo si biashara ya mtandao tena. Mama yake alisema wanawake wa Vuhovi hawakuomba mtandao, waliomba patroni.

Mpaka sasa mambo yako hivyo. Wapo wanaotuma bado kwenye namba ya zamani kwa mazoea, naye hupokea. Katika mwezi wa kawaida huuza patroni kumi na mbili, kumi na tano. Kabla shule hazijafunguliwa huuza zaidi. Hazimwezeshi kuacha mashine. Zinalipa sehemu ya masomo ya Rébecca na mambo madogo ya nyumba, na mshono wa mkono wake ndio unaobeba mengine.

Katikati ya mwaka huo wa 2024 vita vilifika Kirumba, kusini mwa Lubero, na watu wengi walipanda kuja Butembo. Asubuhi moja mwanamke mmoja wa waliokimbia alisimama mlangoni Kimemi akiwa na watoto wawili, anauliza kama hapa ndipo kwa mshonaji wa kwenye simu. Jina lake lilikuwa Mélanie. Alikuwa amenunua kwa Emérence tangu mwezi wa tatu, na walikuwa hawajaonana hata siku moja.

"Nilikamata kwako sita," alisema. "Mashini nimeacha. Simu ilipotea mu njia. Sina kitu ya kukuonyesha."

"Sita gani?"

Mélanie alizitaja kwa vidole: shati la mikono mifupi, blauzi ya kola ya duara, kaba, suruali ya mtoto. Alipofika kwenye ya nne Emérence alikuwa ameshasimama na kumwita Rébecca aziandae zote. Mélanie aliendelea mpaka ya sita hata hivyo. Rébecca alizituma kwenye simu ya familia iliyowapokea, na jina la Mélanie kwenye kila ukurasa.

Mwanamke hakuondoka. Alikuwa anaangalia mashine ya pili, iliyokaa pembeni chini ya vitambaa, haijatumika tangu mkanda wake ulipokatika.

"Hii inatembea?" aliuliza.

"Inakosa mukanda tu."

"Mukanda najua kufunga."

Emérence aliondoa vitambaa. Walikubaliana Mélanie aje asubuhi, watoto wakae nyumba waliyofikia, na kazi atakayoleta mwenyewe iwe yake. Alianza Jumanne. Anakata haraka kuliko Emérence, na hapendi kusimamiwa.